Shati Lina Mbavu Mbili

Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo kwenye kitambulisho, limekaa huko halina kazi. Kiwandani aliitwa Pindo, nyumbani aliitwa Pindo, na hata alipopandishwa kukaa ofisini juu na kupewa kiti cha kuzunguka, aliyekuja kumtafuta aliuliza, "Pindo yuko?"

Aliingia kiwanda cha mashati akiwa msichana wa mikono mirefu, macho yakitazama kila kitu kwa wakati mmoja. Aliletwa na dada yake mkubwa, ambaye yeye jengo zima lilimwita Kola, kwa sababu hakuna kola iliyotoka mle ndani bila kupita mikononi mwake. Kola alimsimamisha mdogo wake mbele ya msimamizi, akamshika bega, akasema, "Huyu ni wangu. Akiharibu, usimuulize yeye, niulize mimi."

Na kweli alikuwa wake. Mama yao alifariki Pindo hajang'oa meno ya utoto. Baba alikuwa ametoka kutafuta kazi, na inaelekea mpaka leo bado anaitafuta. Kola ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akamchapa, akambeba mgongoni akiwa na homa, na walipohamia kwenye vyumba viwili vinavyotazamana uani, Kola alichagua kile kinachovuja ili mdogo wake alale pakavu.

Lakini kazini hakumdekeza. Alimkalisha kwenye benchi la pindo, kule mwisho ambako vumbi la pamba linaganda kwenye nyusi, mpaka mkono ukajua kukunja bila jicho kutazama. Ndipo likapatikana lile jina. Baadaye akamfundisha mshono wa ubavuni, ule unaounganisha mbele na nyuma ya shati. Hapo ndipo wengi huharibu.

"Unaanzia wapi?" Kola alikuwa akimuuliza.

"Kwapani."

"Nani kakwambia? Ukianzia juu kitambaa kinavutika, shati linakaa upande kama mtu aliyelala vibaya. Anzia chini, kwenye pindo, panda polepole. Ukimaliza, geuza. Shati lina mbavu mbili."

Aliyasema hayo kila siku, kwa sauti ileile, mpaka wenzao wakayageuza kuwa mchezo. Mtu akiuliza birika la chai limewekwa wapi, mwingine anajibu kwa sauti ya Kola, "Anzia chini." Mtu akilalamika kuwa mume hapatikani, anaambiwa, "Panda polepole, mwenzangu." Na Kola mwenyewe alicheka, ingawa alicheka kwa pua, kichwa hakikuinuka kwenye mashine.

Siku moja sindano ilipita kwenye kidole cha Pindo, ikaingia kwenye ukucha na kutokea upande wa pili. Kidole kilipona kikabaki hakina akili. Hakikujua tena kama kimeshika uzi au hewa. Msimamizi angeweza kumwambia aende nyumbani. Kola alimfuata, wakazungumza pembeni ya pasi za mvuke, na kesho yake Pindo akapewa chaki na ubao. Kazi yake ikawa kuandika kila jioni watu wangapi walikaa kwenye laini, ule mstari wa mashine, siku hiyo na mashati mangapi yametoka.

Hapo ndipo ikaonekana kwamba mtoto huyu ana kichwa. Hakuandika tu, alikumbuka. Ukimuuliza mbona wiki iliyopita mashati yalipungua, atakwambia ni kwa sababu wawili walikuwa na homa na mmoja amefiwa. Meneja alikuwa mtu wa haraka, asiyependa kuulizwa maswali ila kuuliza. Alimpandisha ngazi ya chuma, akamkalisha mbele ya kompyuta karibu na lile dirisha refu la kioo linalotazama chini kwenye laini.

"Sasa umefika pazuri," Kola alimwambia jioni hiyo wakifua uani. "Unatuona utosi. Ukiniona nimeanza upara, uniambie."

"Nitakuambia, dada."

"Usiniambie mbele za watu."

Meneja alitaka mtu wa kutumia programu ya takwimu, kwa hiyo Pindo alipelekwa kozi ya Jumamosi. Darasa zima ni vijana wenye simu kubwa, na yeye mama mtu mzima amekaa mbele na kidole kibovu. Hesabu za ubaoni za Jumamosi ziliandikwa na Kola, juu ya kola zake mwenyewe. Tena Kola alimshonea mfuko wa kubebea kompyuta, kwa vipande vya shati la mistari ya bluu, na mdomoni mwa mfuko akaweka kola ya kweli, ngumu, yenye vifungo viwili. Vijana wa kozi walikuwa wakimwambia, "Mama, kompyuta yako leo imevaa vizuri." Naye alijibu, "Ina dada."

Mwalimu wa kozi alikuwa kijana mwembamba anayeng'ata kalamu. Alieleza mambo kwa namna ambayo Pindo aliyapata. Fomula, alisema, ni kama mashine. Unaingiza namba upande huu, inakutolea namba upande ule. Ingiza idadi ya watu, itakutolea mashati kwa kila kichwa. Swali ni kuingiza namba ipi ili kinachotoka kiwe kikubwa kuliko vyote. Hicho ndicho kilele.

"Na programu hii ina tabia mbili mzikumbuke," alisema. "Ya kwanza, yenyewe hutafuta bonde. Haipendi juu. Ukitaka kilele, lazima uipindue fomula yako, uweke alama ya kutoa mbele yake, kilichokuwa juu kiwe chini. Ya pili, ni kipofu mwenye fimbo. Haioni mlima mzima. Wewe ndiye unayemshusha mahali, naye anapapasa pembeni pake kidogokidogo, anafuata kule anakotumwa. Akifika mahali ambapo hakuna pa kuendelea, anakaa anasema, nimefika. Hajui kama ng'ambo kuna mlima mkubwa zaidi. Kwa hiyo mshusheni mahali pengi, si mahali pamoja tu."

Tabia ya kwanza Pindo aliielewa papo hapo. Ilikuwa sawa na shati, ambalo hushonwa likiwa ndani-nje, halafu unaligeuza. Akamweleza Kola walipokuwa wakipika, na Kola akasema, "Kumbe na wao ni mafundi." Ile ya pili aliitikia kwa kichwa tu, kama darasa lote lilivyoitikia.

Yalipita hayo, Pindo akazoea kazi yake. Kisha meneja akaja mezani kwake asubuhi, funguo za gari mkononi, amesimama.

"Ile laini ya mashati meupe ina watu wangapi?"

"Kumi na wanane, bosi."

"Kwa nini kumi na wanane?"

Pindo alitazama chini kupitia kioo. Hakuna aliyewahi kuuliza. Walikuwa kumi na wanane kwa sababu walikuwa kumi na wanane.

"Nataka kujua watu wangapi wanatoa mashati mengi zaidi kwa kila kichwa," meneja akasema. "Una namba za siku zote hizo. Siku za watu wachache, siku za ile oda kubwa tulipowajaza wa laini ya jirani. Nitafutie kilele. Nakwenda mjini, nikirudi nikute namba."

"Nikuchoree na grafu?"

"Picha za nini? Nipe namba."

Jioni hiyo Kola alijua tayari. Kiwanda ni kama nyumba ya ukuta wa udongo. Ukikohoa huku wanakupa pole kule.

"Nasikia mnatutafutia kilele," alisema, akikamua shuka.

"Meneja ameuliza watu wangapi wanafaa kwenye laini."

"Laini yetu?"

"Yenu."

Kola alianika shuka, akaivuta pembe mpaka ikanyooka. Laini ile ilikuwa na tatizo, na tatizo lilikuwa mezani kwake. Mikono, mifuko, migongo, vyote vilikuja kwa kasi, vikafika kwenye kola vikarundikana, kwa sababu mashine ya kola iliyokuwa ikifanya kazi ni moja na mtu wa kola ni mmoja. Kando yake aliketi binti aliyekuwa akimgeuzia ncha, msichana mwenye mikono myepesi, naye Kola alikuwa amemfundisha kila alichokijua. Walio nyuma walisubiri. Wengine walisema ni kwa sababu Kola amezeeka. Hakuna aliyemwambia usoni.

"Dada, nikiona jambo la kukugusa..."

"Utasema ukweli," Kola alimkata. "Usije ukanipendelea nikawa wimbo wa watu. Kama wananihitaji, namba itasema. Kama hawanihitaji, namba iseme pia, mimi si mtoto. Ila ufanye kazi safi. Usinitie aibu kwa kazi ya kurukaruka."

"Nitafanya safi."

"Basi nipe vibanio."

Kesho yake Pindo aliingiza namba zote. Alikuwa na siku za watu kumi na wawili, za kumi na watano, za kumi na wanane nyingi kuliko zote, na siku chache za ile oda kubwa walipofika hata ishirini na watatu. Programu ikamtengenezea fomula ya mstari uliopinda. Bado kukitafuta kilele. Akamshusha kipofu pale pale walipokaa watu, kwenye kumi na nane, maana ndipo mguu ulipo.

Kipofu hakupiga hata hatua. Akakaa. Nimefika, kumi na nane.

Pindo akafurahi. Maana yake ni kwamba walivyokaa ndivyo sawa na hakuna wa kuondoka. Kisha akatazama tena akaona amesahau alama ya kutoa. Hakuligeuza shati. Alichopewa si kilele, ni bonde. Kumi na wanane ndiyo idadi mbaya kuliko zote za jirani yake; walikuwa wamekaa shimoni miaka yote hiyo.

Akaweka alama ya kutoa. Programu ikamuuliza tena, nianzie wapi? Na mkono wake, ule ule uliofundishwa kwenye benchi la pindo, ukajibu wenyewe kabla ya kichwa. Anzia chini. Akaandika kumi na mbili. Kipofu akapanda, kumi na mbili na nusu, kumi na tatu na kitu, akaenda akapunguza hatua, akakaa. Kumi na nne.

Alisikia gari la meneja likiingia getini. Akajiuliza kama amshushe na mahali pengine. Namba ilikuwa mbele yake, imekaa imetulia, na programu imeandika kwamba imefika. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo baadaye alilirudia mno moyoni bila kulipata jibu. Kuendelea kutafuta, baada ya kupata namba inayomwondoa mtu, kungeonekana kama anamtafutia dada yake pa kujificha. Na dada alikuwa amesema asimpendelee.

Meneja aliingia. "Umepata?"

"Kumi na wanne, bosi."

"Una uhakika?"

"Programu imefika."

"Kilele?"

"Kilele."

Meneja alisimama dirishani akitazama chini, midomo ikihesabu. Alikuwa hana chuki na mtu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeelezwa kitu. "Kumi na wanne," akasema. "Nilijua wamezidi."

Wiki iliyofuata wanne waliitwa. Wawili walikuwa wageni, mmoja alikuwa mlevi na alijua kwamba ataitwa. Wa nne alikuwa Kola. Msimamizi alimweleza kwa adabu zote, hata alimwita mama. Alisema laini ikiwa ya watu kumi na wanne kazi ya kola itafanywa na mtu mmoja peke yake, kushona na kugeuza, na binti ana kasi. "Wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha, mama. Ni sifa yako."

"Ni sifa yangu," Kola alisema.

Pindo alikuwa kwenye kioo. Alimwona dada yake akirudi kwenye kiti, akamaliza kola iliyokuwa chini ya sindano, akakata uzi, akaipiga kidole ncha zote mbili kama alivyofanya siku zote kuona kama zinalingana. Akapangusa mashine, akaitia mafuta ambayo yeye hatayatumia, akaifunika. Binti wa kando yake alikuwa akilia. Kola alimwambia kitu kifupi, binti akajifuta na kushika kazi. Kisha Kola akainua kichwa kutazama juu kwenye kioo. Hakukunja uso. Alitazama tu, kama mtu anayesoma saa, akachukua mkoba wake akatoka kwa mlango wa mbele.

Pindo alipofika nyumbani alimkuta amekaa uani amenyoosha miguu, viatu pembeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akamwacha asimame. "Ni wewe?"

"Ni namba, dada."

"Namba ina kidole?"

Pindo alitazama kidole chake kibovu. "Nilibonyeza mimi."

"Kilele chenu kina watu wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Basi mimi nilikuwa mteremko." Alicheka kwa pua. "Miaka yote hiyo nadhani napanda, kumbe mimi ndiye mteremko wenyewe. Ulifanya kazi safi?"

"Nilifanya."

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

"Basi sina neno. Nilikuambia useme ukweli, umesema. Kaa ule. Ukisimama hapo unanizibia upepo."

Wakala. Ilikuwa chungu lakini ilikuwa inamezeka. Kola alikuwa mtu wa namna hiyo. Jambo la kweli alikuwa na mahali pa kuliweka. Hata alianza kutania majirani kwamba amestaafishwa na mtoto wake wa kumlea, na aliposema hivyo kulikuwa na majivuno kidogo ndani yake, kwamba mtoto huyo anajua mambo makubwa ya kuweza kumstaafisha mtu. Akatoa cherehani yake ya zamani ya kukanyaga kwa mguu, akaiweka barazani, akaanza kushona sare za shule.

Pindo ndiye hakuweza kukaa. Siku moja alikuwa akimsaidia dada yake kuunganisha mashati ya wanafunzi, dada kwenye cherehani, yeye kwa sindano ya mkono, polepole kwa sababu ya kidole, akashona ubavu mmoja mpaka kwapani akaliweka kwenye rundo la yaliyokwisha. Akachukua jingine.

"We Pindo," Kola alisema bila kuinua kichwa, "huyu mtoto ataingia kwa mlango gani? Ubavu mmoja uko wazi. Geuza. Shati lina mbavu mbili, nikwambie mpaka uzeeke?"

Mkono wa Pindo ulisimama. Aliona lile bonde la kumi na nane. Bonde ni bonde kwa sababu ardhi inapanda pande zote mbili. Ukiwa umesimama shimoni, kuna mlima nyuma yako na kuna mlima mbele yako. Yeye alipanda wa nyuma. Wa mbele hakuupanda, hakuutazama, hakuuliza.

"Una nini?" Kola akauliza.

"Hakuna kitu. Nimejichoma."

Kesho yake alifika kazini kabla ya kengele. Akafungua fomula ile ile, akaweka alama ya kutoa, na programu ilipouliza ianzie wapi, akaandika ishirini na nne. Kipofu akageuka, akarudi nyuma hatua mbili, akapapasa, akakaa. Ishirini na mbili. Na mashati kwa kila kichwa yalikuwa mengi kuliko pale kwenye kumi na nne. Si kwa shati moja. Yalizidi kwa kuonekana.

Safari hii akachora grafu. Ilikuwepo hapo muda wote, milima miwili na shimo katikati, mtoto wa darasa la pili angeiona. Akakumbuka zile siku za oda kubwa. Watu walipozidi ishirini msimamizi alilazimika kufunua ile mashine ya pili ya kola iliyokuwa chini ya turubai, akampa binti aishonee, na Kola akabaki kwenye yake. Kola wawili. Hakuna aliyesubiri. Laini ilitiririka kama maji, watu waliimba. Ilipokwisha oda, turubai likarudishwa na kila mtu akasahau.

Alimpelekea meneja karatasi yenye milima miwili. Meneja aliitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Kwa hiyo siku ile ulinipa nini?"

"Nilikupa kilima, bosi. Kilele kilikuwa upande wa pili."

"Ile mashine ya pili ya kola nimeshaitoa. Imekwenda kiwanda kingine na laini tumeshaipanga upya." Akaikunja karatasi kwa upole, akamrudishia. "Sikiliza, mama. Mimi sikuwa na ubaya na dada yako. Ungeniambia ishirini na mbili siku ile, leo ningekuwa natafuta watu wanne wa kuongeza. Mimi nilifuata namba. Namba uliniletea wewe."

"Ndiyo, bosi."

"Safari nyingine nichoree grafu."

"Ndiyo, bosi."

Alishuka ngazi ya chuma akiwa amekumbatia mfuko wake wenye kola. Angeweza kunyamaza. Dada yake alikuwa amekwisha kulimeza, amelipatia mahali. Lakini alilelewa na mtu aliyemchapa zaidi kwa uongo kuliko kwa kuvunja vyombo, na mguu ukampeleka barazani.

Kola alikuwa akishona kola ya sare. Pindo alimweleza yote amesimama, bonde, mlima wa nyuma, mlima wa mbele, mashine ya pili, maneno ya meneja. Cherehani haikusimama mpaka mwisho wa maelezo.

"Kwa hiyo ningekuwepo," Kola alisema.

"Ungekuwepo, dada."

"Na wale watatu."

"Na wengine wanne juu yao."

"Ulianzia wapi?"

"Chini."

"Nani alikufundisha kuanzia chini?"

"Wewe, dada."

"Na nilisema nini baada ya hapo? Nikumbushe, mimi ni mzee, nimestaafishwa."

"Ukimaliza, geuza. Shati lina mbavu mbili."

"Alaa. Kumbe ulisikia." Kola alivua miwani, akaipangusa kwenye kanga, akaivaa tena. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulipokuja siku ile nikakuuliza umefanya kazi safi, ukaniambia safi. Nikakuuliza umehakikisha, ukaniambia umehakikisha. Nikasema, basi, ni ukweli, nimekwisha, wenye mikono myepesi washike. Nimekuwa nikilala na jambo hilo. Nimelizoea. Ukweli ningeubeba mpaka kaburini, Pindo, wala usingesikia nikiguna. Ulichonibebesha hakikuwa ukweli. Ilikuwa haraka yako."

"Dada, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe. Hilo halina kazi." Akageuza kola iliyokuwa mkononi, akaipiga kidole ncha zote mbili. "Kama ni upumbavu ningekuchapa yakaisha. Kama ni chuki ningejua nina adui. Lakini wewe ulijua. Mwalimu wako alikuambia, na mimi nilikuambia miaka kabla yake. Umeambiwa na watu wawili."

Akakanyaga cherehani. Pindo alibaki amesimama. Baada ya muda akapita mama mmoja wa mtaani na sare ya mwanawe, na Kola akamwambia, "Subiri kidogo, namalizana na mteja huyu." Kisha akamtazama Pindo kama anavyotazamwa mtu yeyote. "Kuna kingine, mteja?"

Tangu siku hiyo lilikuwa ndilo jina. Hawakugombana, wala hakuna aliyehama. Vyumba vilibaki vinatazamana. Salamu ilipokewa, chumvi ikiombwa ilitolewa, Pindo akiugua uji ulifika mlangoni ukiwa moto. Lakini neno Pindo halikutoka tena kinywani mwa dada yake, wala mdogo wangu. Ilikuwa mteja, kwa heshima, kama mwenye duka mwenye adabu. Majirani walidhani ni utani mpya, wakacheka. Pindo naye alicheka nao, kwa sababu angefanyaje.

Kazini aligeuka kuwa mtu wa kuchelewesha. Ukimwomba kilele cha kitu chochote, cha joto la pasi, cha urefu wa uzi, atamshusha kipofu mara kumi, pembe zote, halafu atachora grafu, halafu ataipindua aangalie na mabonde. Meneja alikuwa akigonga meza, "Mama, bado tu?" Naye alijibu, "Bado ubavu mmoja, bosi." Namba zake zilikuwa sahihi. Hazikumrudisha mtu hata mmoja.

Ule mfuko wa mistari ya bluu ulichakaa. Ulipasuka pembeni, kuanzia chini, kompyuta ikawa inachungulia. Pindo alikaa nao siku kadhaa, akafikiri aushone mwenyewe, lakini mshono ule mnene kidole kikaukataa. Jumamosi akavuka uwanja akaenda barazani. Palikuwa na benchi, na kwenye benchi wanafunzi wawili na mama mjamzito.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa kwenye foleni, mteja."

Akakaa. Zamu yake ilipofika Kola aliupokea mfuko, akaugeuza ndani-nje, akapitisha dole gumba kwenye ule mpasuko na juu ya uzi wake mwenyewe wa zamani. Kama alikumbuka alivyoushona, haikuonekana. Akauweka chini ya sindano, akaanzia chini, akapanda polepole mpaka juu. Kisha bila kuulizwa akaugeuza, akaushona na upande wa pili, ule ambao haukuwa umepasuka. Akakata uzi kwa meno, akafunga vile vifungo viwili vya kola, akamkabidhi.

"Uko safi," akasema. "Nimehakikisha."

Akamtazama aliyekuwa nyuma yake kwenye benchi. "Anayefuata."